Kipupwe shuleni Nyanda za Juu Kusini: baridi, nyaraka na nafasi za kuwania

Kuanzia Juni hadi katikati ya Agosti, shule za sekondari za Mbeya, Iringa na Njombe huwa na mambo mengi kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka, na yote hufanyika watu wakiwa wamejikunyata. Usiku kipimajoto kinashuka chini ya nyuzi 10, na kule Kitulo sakitu inaonekana alfajiri juu ya nyasi. Miezi hiyohiyo kidato cha tano kinaripoti, matokeo ya kidato cha sita yanatoka, vyuo vikuu vinafungua udahili, Bodi ya Mikopo inapokea maombi, vijana wa mujibu wa sheria wako Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), na maonesho ya Nane Nane yanafanyika Mbeya.

Wengi wanaokosa nafasi msimu huu wana alama za kutosha kabisa. Wanakwamishwa na cheti kisichohakikiwa, jina lililoandikwa tofauti, au simu iliyozimwa siku ujumbe unapoingia. Haya yote yanazuilika, na ndiyo sababu ya kuyaandika hapa kwa kirefu.

Wanaoripoti kidato cha tano

Muhula wa pili unaanza mwanzoni mwa Julai, baridi ikiwa ndiyo imekaza. Shule kama Malangali, Tosamaganga, Ifunda, Iyunga na Njombe hupokea vijana waliokulia kwenye joto, ambao hawajawahi kulala na blanketi mbili. Fomu ya kujiunga inataja sweta na blanketi, lakini mzazi wa Pwani akisoma "blanketi" ananunua lile jepesi la kujifunika kwenye basi. Nunua zito, na ziwe mbili.

Mbili kwa sababu hii: baridi ya bwenini haitoki juu peke yake. Godoro la inchi nne likiwa juu ya chaga zenye nafasi, uzito wa mwili unabana sponji, hewa iliyokuwa ndani yake inatoka, na hewa hiyo ndiyo iliyokuwa ikihifadhi joto. Ndiyo maana mtu anajifunika gubigubi na bado mgongo unaganda. Blanketi moja litandikwe juu ya godoro, chini ya shuka. La pili ndilo la kujifunika. Aliye na blanketi moja tu atafute maboksi, ayakunjue na kuyapanga chini ya godoro. Yanasaidia sana na hayagharimu kitu. Soksi za kulalia ziwe kavu, tofauti na zile za kushindia, maana soksi yenye jasho inapoza miguu usiku kucha. Kofia ya kufuma inafaa kuliko sweta ya tatu.

Nguo za baridi zinapatikana kwa wingi kwenye mitumba, Mwanjelwa kwa walio Mbeya na Mashine Tatu kwa walio Iringa. Badala ya jaketi zito moja, chukua nguo mbili tatu za kuvaa moja juu ya nyingine, kwa sababu saa nne asubuhi jua likitoka utataka kupunguza. Uliza rangi kwanza: shule nyingi hazikubali darasani sweta isiyo ya rangi yake, hata kama kijana anatetemeka. Kwa maoni yetu kanuni hiyo ingelegezwa Juni na Julai, lakini maadamu ipo, mzazi aijue kabla hajatoa pesa.

Fomu ya uchunguzi wa afya ijazwe na daktari wa hospitali ya serikali kabla ya safari. Mwenye pumu aandike wazi, aje na dawa yake ya kuvuta, na amwoneshe matroni au patroni siku ya kwanza, kwa sababu hewa baridi na kavu hubana mirija ya hewa na shambulio huja usiku. Kuhusu muda wa kuripoti, kwa kawaida ni siku 14 tangu tarehe iliyotangazwa, na baada ya hapo nafasi inaweza kupewa mwingine. Anayekwama kwa nauli au ugonjwa apige simu shuleni ndani ya siku hizo, namba ipo kwenye fomu ya kujiunga. Kukaa kimya kunahesabiwa kuwa amekataa nafasi.

Jiko la mkaa halilali ndani

Hili linahusu zaidi wanafunzi wa kutwa waliopanga vyumba mitaani, wale wa mageto. Chumba ni kidogo, dirisha limezibwa na gazeti au nailoni kuzuia upepo, chakula kimeiva, na mkaa uliobaki unaonekana ni joto la bure. Mkaa unaowaka kwa hewa chache hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo inashikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mkaa usiotoa moshi tena ndio unaodanganya zaidi, maana mtu anaona chumba ni safi. Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito, na aliyekwisha kulala hazioni.

Jiko litolewe nje kabla ya kulala, hata kama mkaa umefunikwa na majivu. Ukimkuta mwenzako katika hali hiyo, fungua mlango na madirisha, mtoe nje kwenye hewa safi, mpeleke hospitali hata akisema amepata nafuu. Usimpe maziwa na kusubiri.

Bwenini hatari ni ya umeme. Hita ya koili ya kuchemshia maji inavuta umeme mwingi. Ikichomekwa kwenye ekstensheni nyembamba pamoja na chaja za simu, waya unapata moto ndani ya plastiki na kuyeyuka polepole, mara nyingi chini ya godoro ambako umefichwa mwalimu wa zamu asiuone. Shule inayotaka hita zisiingie bwenini itenge saa ya maji ya moto jikoni, hata ndoo nusu kwa mtu, kabla ya prepu ya jioni. Katazo peke yake halijawahi kushinda baridi ya Makete.

Maji ya moto yanahusiana na tatizo la pili la msimu huu, upele. Wanafunzi hupunguza kuoga, hulala wawili wawili kupeana joto, na nguo hazikauki kwa sababu ya ukungu. Mdudu wa upele hupita kwa kugusana ngozi kwa ngozi, kwa hiyo kumtibu mmoja huku wenzake wakiachwa ni kazi bure. Chumba kizima kitibiwe siku moja: losheni ya benzili benzoeti (wengi wanaifahamu kwa jina la BBE) ipakwe kuanzia shingoni hadi nyayoni, pamoja na katikati ya vidole na chini ya kucha, ikae saa 24, kisha irudiwe kama mhudumu wa afya atakavyoelekeza. Shuka na nguo zifuliwe kwa maji ya moto siku hiyohiyo. Blanketi lisiloweza kufuliwa lifungwe kwenye mfuko wa nailoni kwa wiki moja. Kuwashwa kunaweza kuendelea wiki mbili hadi nne baada ya wadudu kufa, na hapo ndipo wengi hudhani dawa imeshindwa na kujipaka kila siku hadi ngozi inachubuka.

Kidato cha sita: karatasi kabla ya kambi

Hapa ndipo penye uzito wote. Waliomaliza mtihani Mei wanaitwa JKT kwa mafunzo ya mujibu wa sheria karibu wakati uleule ambao Bodi ya Mikopo inapokea maombi na matokeo yanatoka, ambayo kwa kawaida ni Julai. Tangazo la JKT lenyewe linawataka wafike na nyaraka zote za udahili wa elimu ya juu. Wengi husoma orodha ya vifaa wakaishia kwenye bukta ya bluu iliyokoza yenye mpira kiunoni, fulana ya kijani, raba, soksi nyeusi ndefu na shuka mbili za bluu bahari. Tangazo linataja pia nguo za kuzuia baridi kwa wanaopangiwa mikoa ya baridi. Anayepelekwa Mafinga au Itende aichukulie sentensi hiyo kwa uzito kuliko zote, maana mchakamchaka wa alfajiri Mafinga hausubiri jua.

Nyaraka za kukamilisha nyumbani, kabla ya kupanda basi, ni hizi. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kupitia mfumo wao wa mtandaoni; kuwa nacho mkononi hakutoshi, Bodi inahitaji namba ya uhakiki. Asiye na cheti aanzie ofisi ya RITA iliyoko kwa Mkuu wa Wilaya, na aanze Mei, kwa kuwa Julai foleni ni ndefu. Yatima ahakiki pia cheti cha kifo cha mzazi. Aliye kwenye kaya ya TASAF, mpango wa kusaidia kaya maskini, apate namba ya kaya. Mwenye ulemavu, au ambaye mzazi wake ana ulemavu, ajaziwe fomu yake na mganga mkuu wa wilaya au wa mkoa. Aliyesomeshwa na mfadhili aombe barua ya mfadhili huyo. Karatasi hizi ndizo zinazoieleza Bodi kiwango cha uhitaji. Kijana yatima asiyeambatisha cheti cha kifo, kwenye mfumo anaonekana ana wazazi wote wawili.

Aliyefikisha miaka 18 ajiandikishe NIDA. Namba inatosha, usisubiri kadi.

Kosa linalojirudia kuliko yote ni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasomeka majina mawili, cha kidato cha nne matatu, NIDA imegeuza la kati likawa la mwisho. Jina linalotumika kwenye mkopo na udahili ni lile la matokeo ya kidato cha nne, pamoja na namba yake ya mtihani, na namba hiyohiyo ndiyo itumike kwenye maombi yote ya vyuo. Aliyerudia mtihani ataje namba zote mbili. Panapotofautiana, wahi kwa wakili au hakimu upate hati ya kiapo, au urekebishe cheti RITA. Jambo hili huchukua siku kadhaa, na mtu aliye kambini hawezi kulifanya.

Fomu ya mkopo hujazwa kwenye mfumo wa Bodi baada ya kupata namba ya kumbukumbu ya malipo na kulipa ada ya maombi, shilingi 30,000. Kisha inachapishwa, inasainiwa na mwombaji, mdhamini, kiongozi wa serikali ya mtaa au kijiji, na kamishna wa viapo, ndipo kurasa za sahihi zinaskaniwa na kupandishwa tena kwenye mfumo. Sehemu hii ya mwisho ndiyo inayosahaulika. Mtu analipa, anajaza, anapata mihuri yote, halafu anaiweka fomu kabatini akidhani kazi imekwisha. Skani isiyosomeka, picha ya mdhamini isiyoonekana uso, muhuri uliofunika jina: yote haya hufanya ombi lihesabiwe halijakamilika. Kwenye steshenari usimwachie mhudumu nywila yako na kuondoka. Kaa naye, fungua kila faili baada ya kupandishwa uone kama linasomeka, na mwisho hakikisha ombi limewasilishwa. Wa Mbeya na mikoa jirani wenye utata usiotatulika kwa simu wanaweza kwenda ofisi ya kanda ya Bodi iliyopo Mbeya.

Mkopo ni deni, na mzazi alielewe hilo mapema: mhitimu aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi mpaka amalize. Kuna pia Samia Skolashipu, iliyoanza mwaka wa masomo 2022/23 kwa waliofaulu vizuri sana masomo ya sayansi kidato cha sita, na hiyo hairudishwi. Tangu 2023/24 Bodi inakopesha pia baadhi ya wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele.

Matokeo yakitoka, piga hesabu kabla ya kulipia maombi ya chuo. Kiwango cha chini cha Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kwa shahada ni ufaulu wa masomo mawili ya msingi yenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Mwenye D na D anazo 4. Mwenye C na E anazo 4 pia. Mwenye D na E ana 3, na hata akiomba vyuo vitano ni pesa iliyopotea, aangalie stashahada. Udaktari wa binadamu unataka angalau D katika Fizikia, Kemia na Baiolojia, na hicho ni kiwango cha kuruhusiwa kuomba tu, kwani ushindani huwa juu zaidi. Tazama pia masomo yanayotakiwa na kozi yenyewe: mtu wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) mwenye pointi 12 haingii uhandisi MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha Mbeya, kwa wingi wa pointi.

Anayechaguliwa na zaidi ya chuo kimoja analazimika kuthibitisha kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu. Namba ya simu iliyoandikwa kwenye maombi iwe ya mzazi au ndugu ambaye simu yake iko hewani muda wote na anayejua kusoma ujumbe huo, kwa kuwa kambini nafasi ya kushika simu ni finyu. Mwandikie kwenye karatasi: jina la chuo unachokitaka kwanza, cha pili, na nywila ya akaunti. Ndugu asiyejua unataka nini atathibitisha chuo cha karibu na nyumbani.

Kazi nzuri za kisayansi zinazotokana na baridi

Kwa wanaobaki darasani, msimu huu una mambo mengi ya kuchunguza. Young Scientists Tanzania, iliyoanza 2011, huwashindanisha wanafunzi wa sekondari kwa miradi ya utafiti, na miradi inayopendeza ni ile inayojibu swali la mahali unapoishi. Mfano mmoja unaowezekana kwenye maabara ya shule yoyote: ni kitambaa gani kinahifadhi joto zaidi bwenini?

Chukua chupa nne za soda za kioo zinazofanana. Jaza kila moja mililita 300 za maji ya nyuzi 60. Moja iache bila kuizungushia kitu, ya pili izungushie shuka la pamba, ya tatu kipande cha blanketi, ya nne kipande kilekile cha blanketi kikiwa na unyevu. Soma kipimajoto kila baada ya dakika 10 kwa saa moja, kisha rudia zoezi lote mara tatu kwa siku tofauti na uchukue wastani. Kinachoharibu matokeo ni vitu vidogo: chupa moja kuwekwa kwenye sakafu ya saruji na nyingine mezani, kipimajoto kimoja kuhamishwa kutoka chupa hadi chupa bila kusubiri kitulie, mdomo wa chupa kuachwa wazi joto likatokea juu, au chupa moja kukaa karibu na dirisha. Ile ya blanketi lenye unyevu itapoa haraka kuliko ya blanketi kavu, kwa sababu maji hupitisha joto kuliko hewa na yanapokauka huchukua joto pamoja nayo. Hapo mwanafunzi ana jambo la kumwambia mkuu wa shule kuhusu kuanika blanketi, akiwa na takwimu mkononi. Majaji hupenda sana mradi unaoishia kwenye ushauri unaotekelezeka.

Mashindano ya insha ya SADC na ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hupitia kwa mkuu wa shule, kwa hiyo mwalimu wa taaluma aulizwe kama tangazo limefika. Matangazo hukaa ofisini wiki mbili kabla ya kubandikwa. Insha nyingi huondolewa kabla ya kusomwa, ama kwa kuzidi idadi ya maneno, ama kwa kukosa taarifa za mwandishi na shule, ama kwa kunakiliwa kutoka mtandaoni.

Nane Nane hufanyika viwanja vya John Mwakangale, Mbeya, kuanzia Agosti 1 na kilele chake ni tarehe 8. Shule ikipeleka wanafunzi, iende siku za katikati. Tarehe 8 ni ya viongozi na umati, na mtaalamu wa banda hana muda wa kujibu swali la kijana. Siku nyingine vitalu vya taasisi ya utafiti wa kilimo, TARI Uyole, vinatosha kuwa somo zima la kilimo na baiolojia: unaona mbegu za maharage kama Njano Uyole zikiwa shambani, na mtafiti yuko palepale. Kila mwanafunzi aende na maswali matatu aliyoandika, kalamu, chakula na sweta ya jioni. Mabanda ya vyuo yapitiwe pia na kidato cha nne na cha tano. Hapo unauliza ada, masomo yanayotakiwa na muda wa kozi bila kulipa nauli ya kuzunguka vyuoni.

Kidato cha nne

Mtihani ni Novemba, na mitihani ya majaribio mara nyingi huangukia kipindi hiki cha baridi. Kusoma alfajiri saa kumi huku vidole vikiwa vimekufa ganzi kuna faida ndogo. Afadhali kulala mapema, kuamka saa kumi na moja na nusu, na kutumia jua la saa nane hadi kumi mchana kwa masomo ya hesabu yanayohitaji mkono mwepesi. Matokeo ya majaribio yatumike kuamua njia. Anayeona kidato cha tano kiko mbali aanze sasa kuulizia VETA na vyuo vya kati. Kozi nyingi za afya ngazi ya cheti na stashahada zinahitaji ufaulu wa angalau D katika masomo manne yasiyo ya dini, yakiwamo Kemia, Baiolojia na mara nyingi Fizikia, kwa hiyo mwenye ndoto ya uuguzi asiiache Kemia mwezi Julai kwa sababu amepata F kwenye jaribio. Bado ana miezi minne, na mada kama moli, asidi na besi, na elektrolisisi hurudi karibu kila mwaka. Cheti cha kuzaliwa nacho akifuatilie likizo hii ya Juni, wakati wazazi bado wanakumbuka jina gani liliandikwa kwenye kadi ya kliniki.